Kadi ya Neno Moja

Mzee Kondo, aliyekaribia miaka mia, tumemzika mwezi uliopita huko kwao Masaki, Kisarawe, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume waliondoka na jeneza, wanawake tukabaki nyumbani, na mimi nikakaa mkekani nimenyoosha miguu mbele ya watu wazima wenzangu bila aibu, kwa sababu magoti yangu hayakubali tena kukunjwa. Nilikuwa nimetoka Kibaha alfajiri, nimepanda basi, nimeshuka, nimepanda bodaboda kwenye barabara ya mchanga mpaka mlangoni, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kulia nilikuwa nakuahirisha. Mjukuu wa marehemu, msichana mmoja mwembamba mwenye simu kubwa kiganjani, aliniletea sahani ya wali na maharage akaniuliza nilimjuaje babu yake. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani, kabla mama yake hajazaliwa. Akasema, "Babu alikuwa fundi redio, eti bibi?" Nikamjibu si fundi, alikuwa mpokeaji. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ile ya mtu ambaye hajaelewa na hana haja ya kuelewa, akaenda kuwahudumia wengine.

Nilitaka kumwita arudi nimweleze, nikaona maelezo ni marefu na wali unapoa. Nimekuwa na maelezo hayo kwa zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kuyatoa yote kwa mtu mmoja. Vijana wakiniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu, nasema nilikuwa mchoraji, wao wanadhani picha. Sikuchora picha. Nilichora vitu vya kutazamwa na watu waliochoka. Nilichora paneli za mitambo ya maji, zenye taa na mishale, mahali ambapo mtu wa zamu anatakiwa aamue ndani ya dakika moja pampu ipi izimwe na koki ipi ifunguliwe. Baadaye, kompyuta zilipokuja, nilichora vioo vyake: kipi kikae juu, kipi kikae chini, rangi ipi imshtue mtu na ipi imwache apumue. Nilikuwa mbishi kazini. Wahandisi wengi hawakunipenda, kwa sababu taa ya kijani kwangu ilikuwa haitoki kirahisi. Niliwauliza kila mara: hii taa inawaka kijani kwa sababu mambo ni mazuri, au kwa sababu hakuna aliyesema ni mabaya? Waliona ni ukorofi wa mwanamke. Ubishi huo niliupata mwaka mmoja, kwenye chumba kimoja, na aliyenipa ni Mzee Kondo, ingawa hakukusudia na mimi sikuomba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vipya, nyumba zimekaa mistari, visima ni vichache na vyoo ni vichache zaidi, na mvua za mwaka ule ziliponyesha kipindupindu kikaingia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ufundi kujifunza kuchora ramani za mabomba, nimepanga chumba Tangini, hapa hapa Kibaha, kwa mama mmoja aliyeuza vitumbua. Ofisi yangu iliniazima kwa watu wa afya kwa wiki mbili, na wiki hizo mbili zikawa mwaka mzima. Walichotaka ni mtu wa kuwachorea ramani ya vijiji ili gari lijue liende wapi. Gari lilikuwa moja, Landrova ya kijivu, dereva wake akiitwa Shomari, mtu mkimya aliyelala popote alipoegemea. Dripu zilikuwa zikija kwa maboksi machache, zinakwisha, zinangojwa. Kazi yote ya chumba kile ilikuwa hiyo tu: kuamua asubuhi, mchana na alasiri, gari na dripu viende kijiji gani. Ukiamua kwenda hapa, umeamua kutokwenda kule.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya chakula cha kuku. Magunia yalitolewa, harufu ikabaki, ile ya dagaa waliosagwa pamoja na pumba, na ilituingia kwenye nguo mpaka mama mwenye nyumba wangu akawa ananiandalia maji ya kuoga kabla hajaniandalia chakula. Kulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya redio ya upepo, ile ya kubonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza, imeungwa kwenye betri la gari. Nyingine ilikuwa ya Sista Eufrazia. Tulimwita Sista kwa kuwa ndiye muuguzi mkuu, si mtawa. Alikuwa mama wa watoto watatu aliowaacha kwao Mahenge kwa bibi yao, mnene kidogo, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Ndiye aliyeamua. Sukari tulikuwa nayo gunia zima mle ndani, katika mwaka ambao sukari watu waliipangia foleni tangu asubuhi, lakini ilikuwa ya kuchanganya na chumvi kwa wagonjwa. Tukanywa chai ya rangi bila sukari, tumekaa juu ya sukari. Nakumbuka chakula cha mchana kilikuwa mara nyingi mihogo ya kuchemsha, na siku nzuri ilikuwa na kisamvu cha nazi.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Nausifu kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuusifu. Niliuchora juu ya karatasi kubwa kwa wino mweusi, mto Ruvu umejikunja panapostahili, reli inapita Soga, mwinuko wa Kisarawe nimeutilia vivuli, na kila kijiji nimekiandikia jina kwa mkono wa chuoni. Sista aliingia kutoka kambi ya wagonjwa, bado ana aproni, akasimama mbele yake akitafuta Soga. Akatafuta. Mimi nikaanza kumwonyesha kwa kidole na yeye akanishika mkono akaushusha taratibu. "Mchoraji," aliniambia, na jina hilo likanishika mwaka mzima, "nikiingia humu sitaki kusoma. Nataka kuona." Halafu akakaa kwenye kiti chake na kufunga macho kwa muda wa kama dakika mbili, na mimi nikabaki nimesimama na fimbo yangu ya kuonyeshea.

Niliumia, lakini nilikuwa kijana na nilikuwa na ubishi wa kutaka kumshinda. Nikaomba bodi ya mbao ya seremala, nikapigilia misumari. Sikujali tena mto unakunja wapi. Nilipanga vijiji kwa njia ambazo Shomari anapita: njia ya kwanza mstari mmoja, njia ya pili mstari mwingine, cha karibu juu, cha mbali chini. Nikaokota vifuniko vya makopo ya maziwa, nikavitoboa, nikavipaka rangi. Cheupe kijiji ni salama, cha njano kuna wagonjwa wanaohimili, chekundu gari liende. Sista akaingia siku ya kwanza, akatazama bila kusimama, akamwambia Shomari jina la kijiji huku anafungua mlango wa pili kutoka. Sikupata asante. Lakini niliona kuwa hakufunga macho.

Niliuboresha wiki hadi wiki. Nikagundua kuwa kifuniko hakisemi habari ni ya lini. Chekundu cha jana asubuhi na chekundu cha sasa hivi vinafanana, na Shomari alikwisha kwenda mara moja kwenye kijiji ambacho wagonjwa wake walikuwa wamepona huku kingine kikingoja. Kwa hiyo kila kijiji nikakipigilia misumari mitatu, na kifuniko kikashushwa msumari mmoja kila zamu ipitapo bila habari mpya. Kilichokuwa chini kilikuwa habari ya zamani. Kitu kidogo tu, lakini Sista alisimama mbele yake siku hiyo, akakitazama, akasema, "Hii ni akili." Nililala usingizi mzuri. Ninasema haya kwa sababu mtu asifikiri nilikuwa mjinga. Nilikuwa na akili, na akili hiyo hiyo ndiyo iliyofanya kosa.

Habari zote ziliingia kwa mdomo wa Mzee Kondo. Alikuwa mtu wa Kisarawe aliyewahi kufanya kazi ya simu za upepo ujanani, amestaafu, akaombwa arudi. Wakati ule nilimwona mzee sana. Nikipiga hesabu sasa alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Alikuja kila asubuhi na kanzu iliyopigwa pasi, kofia, na redio yake ndogo ya mkulima kwapani ya kusikiliza taarifa ya habari. Nikimwamkia shikamoo aliniitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza nimelalaje, na mama mwenye nyumba amelalaje, na vitumbua vimekwendaje. Ndivyo alivyofanya pia kwenye redio. Kila kituo kilikuwa na mtu wa kusema, mara nyingi katibu wa kijiji au mganga wa zahanati, na Mzee Kondo alimsalimia kila mmoja salamu kamili. Hamjambo huko? Hatujambo. Habari za asubuhi? Nzuri. Za watoto? Wazima. Za mashamba? Hivyo hivyo, nguruwe. Na mvua? Halafu ndipo, katikati ya mvua na nguruwe, sauti ya upande wa pili ilikuwa inashuka kidogo na kusema, ila. Ila kuna huyu mzee wa nyumba ya mwisho tangu jana anatapika. Ila tuna watoto wawili hatuwaelewi. Mzee Kondo aliandika hayo yote kwenye daftari kwa mwandiko wa kulala, salamu na nguruwe na wagonjwa pamoja, na mimi nilitakiwa nisome ukurasa mzima ili nijue kifuniko cha rangi gani nikitundike.

Na betri lilikuwa linakufa. Hilo lilikuwa kweli, sikulizua. Kila maongezi marefu yalilimaliza, na vituo vya mwisho kwenye orodha mara nyingine tulivikosa kabisa. Nikamweleza Sista kuwa tunapoteza betri kwa nguruwe. Nikachukua karatasi ngumu za mafaili ya zamani, nikakata kadi, moja kwa kila kituo kwa kila zamu. Juu ya kadi jina la kituo. Chini yake saa. Chini yake neno Hali, na mbele ya Hali mstari mfupi wa kujaza neno moja. Nilipiga mhuri wa mstari huo kwa kiazi nilichokichonga mwenyewe, ili zote zifanane. Mzee Kondo aliipokea ya kwanza, akaishika kwa mbali kwa sababu ya macho yake, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Neno moja tu, mwanangu?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo mzee, betri. Hakuwa mtu wa kubishana na vijana waliosoma. Hiyo ilikuwa adabu yake na katika miaka ile vijana waliosoma tuliitumia vibaya. Kuanzia siku ile alibonyeza, akaita kituo, akauliza, "Hali?" Akajibiwa, akaandika, akaita kinachofuata. Vituo vyote vikapatikana kabla chai haijapoa. Ubao ukawa unabadilika mara tatu kwa siku bila kukosa, na wageni kutoka mkoani waliletwa kuutazama. Mmoja wao, mwenye suti ya mikono mifupi, aliandika kwenye kijitabu chake jinsi misumari mitatu inavyofanya kazi na kuniuliza jina langu. Nikalitaja kwa sauti. Nilianza hata kuandika barua kwa mwalimu wangu wa chuoni. Sikuona kilichokuwa kinatokea kwenye ubao wenyewe, nacho ni kwamba ulikuwa unazidi kuwa mweupe. Sote tulifurahi kuuona unakuwa mweupe. Sista alisema pengine ugonjwa umeanza kuchoka kabla yetu.

Kigogoni kilikuwa kijiji cha mwisho kwenye njia ya Kisarawe, pale gari linapogeuzia. Ndiko alikoolewa Mwanaidi, dada yake Mzee Kondo, mama yao mmoja. Yeye mwenyewe alinitajia mara moja tu, tukila mihogo, kwamba dada yake anajua kutengeneza bada ya muhogo laini isiyoshika kwenye meno, na kwamba akipata likizo atanipeleka nikaionje. Kwa siku mbili kamili kadi za Kigogoni zilisema salama. Zilikuwa sita, mwandiko wa Mzee Kondo, wino wa bluu: salama, salama, salama, halafu salama tatu zaidi. Nilitundika kifuniko cheupe msumari wa juu mara sita, kwa mkono wangu. Siku ya pili mchana Sista alikuwa na maboksi mawili ya dripu na vijiji viwili vya njano upande wa Soga. Akasimama katikati ya chumba akitazama mstari wa Kisarawe. Akasema moyo wake hautulii na Kigogoni, mvua zimepiga kule na kisima chao yeye anakijua. Akanitazama. Nikamwambia, "Sista, Kigogoni ni cheupe, na ni habari ya saa hii." Nilijivunia kuweza kumwambia hivyo. Akamwamsha Shomari, gari likaenda Soga.

Asubuhi iliyofuata, saa nne hivi, katibu wa kijiji cha Kigogoni aliingia mle chumbani kwa miguu yake. Alikuwa ametoka kabla ya jua kwa baiskeli, tairi la nyuma limemwishia upepo njiani, akaisukuma. Suruali ilikuwa na matope mpaka magotini. Sista hakuwepo, alikuwa kambini. Mzee Kondo alikuwa na vipokea sauti masikioni, anaita vituo. Katibu alitusalimia mmoja mmoja, mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango. Nikamkaribisha kiti, nikampa maji, nikamuuliza habari za Kigogoni.

"Salama," akasema. Akanywa maji yote, akaweka kikombe chini taratibu. "Ila tumezika."

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa, kabla hajaongeza neno. Nilimtazama yule mtu na matope yake, nikatazama ubao, kifuniko cheupe msumari wa juu, na nikajua kwamba zile salama sita zote zilikuwa nusu ya kwanza ya sentensi. Mtu akiulizwa hali, anasema salama. Hata mimi ningesema hivyo. Ndivyo tulivyolelewa, ubaya haurushwi usoni kwa mtu kabla hajapokea uzima kwanza. Ukitaka habari unakaa, unangoja, unauliza tena, na anayejibu anajua utauliza tena. Mzee Kondo alikuwa akiulizia mvua na nguruwe ili mtu apate njia ya kufika kwenye ila. Mimi nikachukua mkasi, ile njia nikaikata, nikabakiza pale mwanzo penye adabu tu, nikapaka rangi nyeupe.

Katibu hakunitajia majina. Alisimama akaenda kumgusa Mzee Kondo begani, akamwambia, mzee, tutoke nje kidogo. Mzee Kondo aligeuka, akamwona ni nani, akaona matope. Alivua vipokea sauti, akanipa mimi mkononi, akasema, "Endelea na Mlandizi, mwanangu, hawajajibu." Akachukua kofia yake mezani akaivaa. Waliongea chini ya ukuta wa nje, sikusikia maneno. Niliita Mlandizi, na Mlandizi wakajibu salama.

Sista aliporudi alikuwa mkali kwa namna ya mtu aliyechoka, bila kupaza sauti. Alipakia dripu zote zilizobaki kwenye gari pamoja na katibu na Mzee Kondo, likaondoka. Halafu akaomba kadi za Kigogoni, nikampa zote sita. Alizipanga mezani. Alisema mzee ni mtu mwema lakini haiwezekani mtu aandike salama mara sita wakati dada yake mwenyewe anakufa. Uzee umemzidi, yeye Sista ataandika barua kwa wakubwa ili aletwe mpokeaji mwingine. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Maneno yalikuwepo mdomoni mwangu, kadi ni yangu, nilimwagiza mimi, na sikuyasema. Nikasema, "Ndiyo, Sista." Niliogopa. Nilimwogopa yeye, nikaogopa yule mgeni wa mkoani na kijitabu chake, na zaidi nikaogopa ubao wangu utashushwa ukutani. Nimejaribu maisha yangu yote kumtetea yule msichana wa miaka ishirini na mbili na sijaweza.

Siku mbili nilikaa kwenye kiti cha Mzee Kondo nikipokea redio badala yake. Sikujua nifanye nini na kadi zangu, kwa hiyo siku ya kwanza nilizitumia vile vile. Hali? Salama. Lakini mara moja nilichelewa kuandika kwa sababu kalamu iliniishia wino, nikabaki nimeshika redio bila kusema lolote, upande wa pili nao umenyamaza, unasikika upepo tu. Baada ya muda ile sauti ya mganga wa zahanati ikarudi yenyewe, imeshuka kidogo. "Ila," akasema, "tuna mama mmoja hapa, sijui." Nikarudia makusudi kwenye kituo kilichofuata. Nikanyamaza. Ila. Na kingine. Kufika jioni ubao ulikuwa na vyekundu vitano, na sikujua vingine vilikuwa vyekundu tangu lini.

Sista aliingia akauona ubao, akasimama kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya misumari. Hapo nikamwambia. Sikupanga maneno mazuri. Nilimwambia Mzee Kondo hakukosea, alikuwa akiuliza vizuri na mimi ndiye niliyemzuia, kadi nilitunga mimi, neno moja ni langu, na siku ile alipotaka kwenda Kigogoni ni mimi niliyemrudisha. Barua ilikuwa mezani kwake bado, haijatiwa bahasha. Aliichukua akaikunja mara mbili na kuiweka mfukoni mwa aproni, akajishika kiuno, akautazama ubao badala ya kunitazama mimi.

"Mchoraji," akasema, "sina nguvu ya kukukasirikia leo. Pengine nitaipata baadaye. Tengeneza kadi nyingine."

Sijui kama aliwahi kuipata. Hatukuongea tena juu ya jambo hilo, na nilipopata habari ya kifo chake, miaka mingi baadaye, nilikuwa nimesafiri. Usiku ule na mchana uliofuata nilitengeneza kadi nyingine. Niliondoa neno Hali. Mstari wa kwanza niliandika Waliofariki tangu taarifa iliyopita, majina yote, na kila jina mpokeaji alirudie kwa sauti ili mwandishi aliandike. Majina, si idadi, kwa maana idadi mtu anaweza kuipunguza kwa heshima, lakini marehemu huwezi kumpunguza jina lake. Mstari wa pili, wanaotapika au kuhara. Wa tatu, chumvi na sukari iliyobaki itatosha mpaka lini. Na nikaweka sharti kwamba kifuniko cheupe hakitundikwi mpaka mistari yote mitatu imejibiwa. Kisipojibiwa, msumari unabaki mtupu, na mtupu tuuogope kuliko mwekundu. Hayo ndiyo niliyoyabeba baadaye kwenda nayo kwenye kila mtambo na kila kioo, nikawachosha wahandisi.

Mzee Kondo alirudi siku ya nne, matanga yakiwa yameondolewa. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza nimelalaje na mama mwenye nyumba amelalaje. Vitumbua hakuviulizia. Nilimpa pole ya msiba, akaipokea. Kisha nikamwambia, mzee, ile kadi niliitunga mimi, na nimemwambia Sista hivyo.

"Najua uliitunga wewe," akasema. "Nilikuwepo."

Nikampa mpya. Akaishika mbali na macho, akaisoma yote. Akasema hii kadi haina adabu. Nikasema ndiyo mzee, haina. Akasema basi salamu zake hataziacha, betri life au lisife, atamsalimia mtu kwanza ndipo amuulize haya. Nikamwambia asiziache, nitangoja. Akavaa vipokea sauti, nami nikakaa karibu naye na kalamu, nasikia sauti zikivuja. Sista alikuwa mezani kwake anahesabu dripu, Shomari ameegemea mlango. Kigogoni ilikuwa haijaita tangu siku ile, betri lao lilikuwa limeletwa kwetu kuchajiwa na lilirudi jana yake, kwa hiyo taarifa yao ya mwisho ilikuwa bado ile kadi ya sita. Mzee Kondo aliwaita wao kwanza. Nilimwambia aanze na Soga, akasema hapana, wa mbali ndio wanaokoseshwa betri. Aliwasalimia. Akauliza za asubuhi, za watoto, za mashamba. Katibu alijibu kila kitu polepole. Kisha Mzee Kondo akaishushia macho kadi, akasoma kama nilivyoandika, akamalizia na ova ya redio ya kumpa mwenzake zamu.

"Waliofariki tangu taarifa iliyopita. Majina. Ova."

Sauti ya katibu ikaja. "Mzee Kondo, la kwanza unalijua. Ova."

"Kadi inataka majina yote. Ova."

Katibu akalitaja. Mzee Kondo aligeuza uso kwangu, kama sharti langu lilivyosema, akalirudia kwa sauti ya kawaida, herufi zote zikasikika. "Mwanaidi binti Salehe." Niliandika. Aliingoja kalamu yangu mpaka ikasimama, halafu akabonyeza tena.

"Nimepata," akasema. "Endelea. Ova."